Uanze na Ipi? Riwaya za Mwanzo za Sayansi na za Kutisha Zilizoandikwa na Wanawake

Ukitafuta riwaya za mwanzo za kisayansi na za kutisha zilizoandikwa na wanawake, orodha nyingi hukupa Frankenstein kisha zikanyamaza. Zile chache zinazoendelea hupanga vitabu kwa miaka. Msomaji anaanza na cha 1666, anakwama ukurasa wa ishirini, anaondoka akiamini kwamba watu wa kale hawasomeki. Mwaka si kipimo.

Kipimo kinachofaa ni siri. Kila riwaya ya aina hii hufunga jambo fulani na kumwahidi msomaji kwamba litafunguliwa. Wapo waandishi wanaofungua kila kufuli kwa akili ya kawaida, wapo wanaosema tu kwamba ni Shetani, na wapo wanaoificha kanuni ya maabara mpaka mwisho huku wakikufungulia kitu kingine kabisa. Ukijua mapema siri ya kitabu inafunguliwa lini na kwa njia gani, huwezi kulalamika kwamba umedanganywa. Baada ya hapo tazama urefu, halafu toleo, maana toleo baya huharibu kitabu kizuri.

Pazia au jambia: Radcliffe na Dacre

Ann Radcliffe alitoa The Mysteries of Udolpho mwaka 1794, juzuu nne, na mchapishaji akamlipa pauni 500, fedha nyingi mno kwa riwaya ya enzi zile. Miaka mitatu baadaye The Italian ilimpatia pauni 800. Kanuni yake haibadiliki: sauti usiku wa manane, taa inayotembea juu ya ukuta, mlango unaofungwa kwa nje, na kila jambo hatimaye lina sababu ya kidunia. Mizuka haipo. Emily, yatima wa Kifaransa, anachukuliwa na Montoni, mume wa shangazi yake, hadi ngome ya Udolpho huko milimani Italia. Siku moja anainua pazia jeusi, anaona kitu, anazimia. Msomaji haambiwi alichokiona. Ataambiwa karibu na mwisho wa juzuu ya nne.

Hapo ndipo wengi wanapokosana na kitabu. Udolpho ina maneno yapata 290,000. Kwa anayesoma Kiingereza kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, hizo ni saa 32 na ushei. Ngome yenyewe haionekani mpaka juzuu ya pili. Juzuu ya kwanza ni safari, milima, mashairi na baba mgonjwa. (Milima hiyo ya Italia Radcliffe hakuwa ameiona kwa macho yake; aliitoa kwenye michoro na vitabu vya wasafiri.) Mashairi waweza kuyaruka bila hasara, hayafichi kitu. Safari usiiruke, kwa sababu watu wa juzuu ya nne wanapandwa humo, na aliyeiruka hufika mwisho akiuliza huyu ni nani.

Kama saa 32 ni mzigo, chukua The Italian. Ina juzuu tatu, adui mwenye sura na akili, yaani mtawa Schedoni, na mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi. Taharuki yake haikatwi na machweo kila baada ya kurasa mbili.

Katika makala iliyochapishwa 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake, Radcliffe alitenganisha hofu inayoipanua roho na kitisho kinachoigandisha. Yeye alitaka ya kwanza. Charlotte Dacre, katika Zofloya ya 1806, alikwenda upande wa pili bila haya. Victoria, binti wa Venice, anamtamani shemeji yake. Zofloya, mtumishi wa shemeji huyo, anampa sumu. Victoria anamlisha mumewe kidogo kidogo, kipimo kwa kipimo, na tunamwona akifa polepole. Kisha anamgeukia mchumba wa shemeji kwa jambia, mlimani, mchana kweupe. Hakuna pazia hapa. Ukiuliza siri inafunguliwaje, jibu ni Ibilisi, na mwandishi haoni haja ya kukueleza zaidi.

Jambo moja ulijue kabla hujaanza: Zofloya ni Mmoor, mtu mweusi, na kitabu kinamfanya kuwa vazi la Shetani. Wakati huohuo yeye ndiye mzuri kuliko wanaume wote wa riwaya, mwenye adabu kuliko wote na msemaji kuliko wote, na Victoria anazidi kuvutwa naye. Wahakiki wa leo wanabishana sana juu ya mgongano huo, na kusema kweli ndio unaokifanya kitabu kistahili kusomwa. Hakifiki nusu ya urefu wa Udolpho. Anayependa hadithi iende mbio aanze na Dacre. Anayependa kusubiri achukue Radcliffe.

Frankenstein: vitabu viwili vyenye jina moja

Frankenstein ni jina la mtengenezaji, Victor Frankenstein. Kiumbe hana jina. Anayekuja na picha za filamu kichwani atashangaa: hakuna radi inayopiga paa wala nati shingoni. Ni usiku wa Novemba, mvua inagonga dirisha, mshumaa unakaribia kuisha, na kiumbe cha urefu wa futi nane kinafumbua jicho. Namna uhai ulivyoingia haielezwi; Victor anakataa kwa makusudi kumwambia msikilizaji wake. Kwa hiyo anayetaka kanuni ya maabara atatoka mikono mitupu. Siri inayofunguliwa ni nyingine, nayo inafunguliwa katikati ya kitabu, pale kiumbe mwenyewe anaposhika usimulizi na kueleza alivyojifunza kusema, kusoma na kukataliwa.

Mary Shelley alikuwa na miaka 18 alipoianza, majira ya joto ya 1816 karibu na Geneva, na 20 ilipotoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500 bila jina lake. Mwaka 1831 aliipitia upya. Matoleo haya mawili yanauzwa leo kwa jalada lilelile, na kuchanganya ndiko kunakoleta ubishi usio na maana madarasani.

| | 1818 | 1831 |
|---|---|---|
| Mpangilio | Juzuu 3, zenye sura 7, 9 na 7 | Sura 24 mfululizo |
| Maneno ya mwanzo | Dibaji iliyoandikwa na mumewe, Percy Shelley | Utangulizi mpya wa Mary mwenyewe |
| Elizabeth ni nani | Binti wa shangazi yake Victor | Yatima aliyekutwa kwa familia maskini Italia |
| Somo la umeme | Baba anaeleza, na kurusha kishada kuvuta umeme wa mawingu | Mgeni msomi anaeleza umeme na galvanizimu (umeme wa kusisimua misuli) |
| Clerval, rafiki | Anapenda lugha za Mashariki | Anataka kwenda India kusaidia biashara na ukoloni wa Ulaya |
| Victor | Anachagua, na alikuwa na nafasi ya kuacha | Anazungumza kama mtu aliyesukumwa na majaliwa |
| Hadithi ya kiumbe | Juzuu 2, sura 3 hadi 8 | Sura 11 hadi 16 |

Safu ya Elizabeth inaweza kumshangaza msomaji wa pwani yetu, ambako kumuoa binti wa shangazi si habari. Mary mwenyewe ndiye aliyeuondoa udugu huo katika toleo la 1831. Safu ya mwisho kabisa ya tabia, ile ya Victor, ndiyo nzito. Katika 1818 unamlaumu mtu. Katika 1831 unamwonea huruma, na lawama inapungua makali.

Ushauri wetu ni 1818, pamoja na utangulizi wa 1831 usomwe baadaye kama nyongeza, kwa kuwa ndimo Mary anamosimulia ile mvua isiyokoma na pendekezo la mshairi Byron kwamba kila mmoja aandike hadithi ya mizuka. (Mvua yenyewe ilikuwa na sababu: mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, na majivu na gesi zake zilipooza majira ya joto ya mwaka uliofuata.) Isipokuwa unasomea mtihani. Hapo fuata toleo la mwalimu, hata kama ni la 1831, ili namba za sura zikubaliane.

Kulitambua toleo ni kazi ya dakika moja. Usiamini jalada, kwa sababu wauzaji huandika 1818 kama mwaka wa kwanza wa kuchapishwa hata ndani kukiwa na matini ya 1831. Fungua yaliyomo uhesabu sura. Zikiwa 24 mfululizo, ni ya 1831. Ukikuta juzuu tatu, ni ya 1818. Kama yaliyomo hayapo, tafuta Elizabeth anaingiaje nyumbani kwa kina Frankenstein. Jibu ni lile la kwenye jedwali.

Makosa mawili ya wasomaji wapya. La kwanza ni kuruka barua nne za Kapteni Walton za mwanzo kwa kudhani ni mapambo. Hadithi yote inasimuliwa ndani ya meli yake, kiumbe ndani ya Victor, Victor ndani ya Walton, na mwisho unarudi melini. Aliyeruka hajui anayezungumza. La pili ni kununua nakala zilizofupishwa kwa ajili ya wanafunzi. Hizo mara nyingi hukata hadithi ya kiumbe, na kilichobaki ni zimwi linalokimbizwa. Kitabu kizima kina maneno kama 75,000, saa nane na kitu kwa mwendo tuliotaja. Hakuna sababu ya kukifupisha.

Tauni au mashine: The Last Man na The Mummy!

Vitabu hivi vimepishana mwaka mmoja, vina juzuu tatu kila kimoja, na vyote vinatazama mbele, lakini ni vigumu kupata ndugu wasiofanana kama hawa.

The Last Man ya Mary Shelley, 1826, inaanzia karne ya 21: mwaka 2073 mfalme wa Uingereza anajiuzulu na nchi inakuwa jamhuri. Usitazamie vyombo. Watu wanasafiri kwa puto, na nje ya hapo ni farasi, barua na meli. Juzuu ya kwanza ni siasa na mapenzi. Tauni inatajwa katika juzuu ya pili, kutoka upande wa Constantinople, na kuanzia hapo kitabu kinabadilika. Hakuna daktari anayepata dawa wala mwanasayansi anayeeleza chanzo. Siri haifunguliwi, na hilo ni kusudi la mwandishi. Watu wanapungua mwaka hadi mwaka hadi 2100, na jina la kitabu limekwisha kukuambia wangapi watabaki.

Unachopata badala yake ni maombolezo. Mhusika Adrian amechorwa kwa sura ya Percy, mumewe Mary, aliyezama baharini 1822. Raymond kwa sura ya Byron, aliyefia Ugiriki 1824. Mary alikuwa anazika marafiki zake, akaizika dunia nzima pamoja nao. Ukijua hivyo, juzuu ya kwanza inapata maana, ingawa haipungui urefu. Wanaoshindwa nayo wanaweza kuanzia juzuu ya pili baada ya kusoma muhtasari wa wahusika. Hilo kwa Udolpho tulilikataza, lakini hapa linafaa, maana tauni haimjali aliyempenda nani. Kuna pia ukurasa katika juzuu ya tatu ambapo msimulizi, Verney, anakumbatiwa na mtu mweusi anayekufa, anasukumana naye kwa kinyaa, anaugua na kupona. Wengine wanausoma kama ubaguzi mtupu, wengine kama dokezo kwamba kukumbatiana ndiko kulikomwokoa. Mwandishi hasemi.

Jane Webb aliyeandika The Mummy! mwaka 1827 alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, yatima anayetafuta riziki. Mwaka wake ni 2126, na yeye ana mashine kila kona: jembe linaloendeshwa kwa mvuke, mashine inayotetea kesi mahakamani, nyingine inayopasua wagonjwa, barua zinazorushwa kwa mizinga ndani ya risasi kubwa na kudakwa kwa nyavu. Wanawake wa ikulu wanavaa suruali. Elimu imeenea mpaka watumishi wa jikoni wanajibu kwa maneno ya kitaalamu yasiyoeleweka, na hapo Webb anachekesha kwelikweli. Jembe lake la mvuke lilimvutia mtaalamu wa bustani John Loudon, akalisifu katika jarida lake 1828, akaomba kukutana na mwandishi akidhani ni mwanamume. Walikutana 1830 na kuoana mwaka huohuo.

Siri yake iko wazi kuliko ya Shelley. Edric, kijana wa Kiingereza, anakwenda Misri kwa puto pamoja na Dakta Entwerfen, wanaingia piramidi na kumfufua Firauni Cheops kwa betri ya galvanizimu. Betri inatajwa, waya unaguswa, maiti anaamka, tena anaondoka na puto lao. Mwishoni Cheops mwenyewe anatia shaka kama betri ndiyo iliyomwamsha, na msomaji anabaki na swali zuri. Udhaifu ni fitina za ikulu: nani atakuwa malkia, Elvira au Rosabella, kwa mamia ya kurasa. Kwa kitabu hiki peke yake tunakubali nakala iliyofupishwa, ile ya University of Michigan Press ya 1994, kwa sababu kilichokatwa zaidi ni fitina hizo na mashine zimebaki. Anayetaka uvumbuzi na kicheko achukue Webb. Anayetaka uzito achukue Shelley, lakini asikisome wakati ana mgonjwa nyumbani.

Damu: Marryat na Hopkins

Kiswahili kimeunganisha mada hizi mbili bila kukusudia. Neno mumiani, tunalolitumia kwa mnyonya damu wa uvumi, lina asili moja na mumia, maiti iliyokaushwa. Limetoka kwa Waajemi, ambao kwao lilikuwa dawa nyeusi kama lami. Kutoka kwa Cheops hadi kwa mnyonya damu ni hatua moja.

The Blood of the Vampire ya Florence Marryat ilitoka 1897, mwaka uleule wa Dracula, na imeishi kivulini mwake tangu hapo. Huku hakuna meno, jeneza wala vitunguu saumu. Harriet Brandt, msichana wa miaka 21 kutoka Jamaica, anafika hoteli ya ufukweni Heyst, Ubelgiji, akiwa na fedha, sauti nzuri na kiu ya kupendwa. Anaowakumbatia wanadhoofika. Mtoto mchanga anafifia mikononi mwake. Yeye mwenyewe hajui, na kutojua kwake ndiko kunakokata maini.

Siri inafunguliwa na daktari, Phillips, anayejua wazazi: baba aliyepasua viumbe hai kwa majaribio, mama mwenye asili ya Kiafrika, na popo aliyemng'ata bibi yake Harriet akiwa mjamzito. Haya ni mafundisho ya urithi wa damu ya karne ya 19, na ni upuuzi wa kibaguzi. Tatizo la msomaji ni kuamua kama Marryat anamwamini daktari wake. Matendo ya kitabu yanamuunga mkono, lakini huruma yote iko kwa Harriet. Soma ukiwa umekaza moyo. Lugha inayotumika kuhusu mama yake ni chafu.

Of One Blood ya Pauline Hopkins inajibu mafundisho hayohayo kutoka upande wa pili wa bahari. Hopkins, Mmarekani mweusi wa Boston, aliitoa kwa mafungu katika Colored American Magazine, Novemba 1902 hadi Novemba 1903, jarida alilokuwa akilihariri. Reuel Briggs, mwanafunzi wa udaktari Harvard anayeficha asili yake, anamrudishia uhai mwimbaji aliyedhaniwa amekufa, kwa nguvu za mesmerizimu, aina ya hipnozi ya zamani. Kisha anajiunga na msafara wa kuchimbua Meroe, mji wa kale ulioko Sudan ya leo, na chini ya magofu anakuta mji uliofichika, Telassar, ambako watu wa Ethiopia ya kale wamehifadhi elimu yao wakimsubiri mfalme. Siri ya maabara na siri ya ukoo zinafunguliwa pamoja, na ya pili inauma zaidi, kwa sababu utumwa ulivuruga nani ni ndugu wa nani.

Kasoro zake zinatokana na kuchapishwa kwa mafungu: sura zinaruka kutoka Boston hadi Afrika bila kuaga, na sadfa ni nyingi. Dawa ni kuisoma ilivyoandikwa, sura mbili tatu kwa siku. Anayeisoma kwa mkupuo ndiye anayelalamika. Afrika yake pia ni ya maktaba, imejengwa kwa Biblia na vitabu vya wachimbaji. Hata hivyo, kati ya vitabu vyote vya ulinganisho huu, ndicho pekee ambamo Mwafrika ni mwenye elimu na mgeni ni mwanafunzi. Kama utachukua kimoja tu kati ya hivi viwili, chukua hiki. Ukiwa na nafasi ya vyote, mtangulize Marryat, halafu Hopkins. Kwa mpangilio huo utasikia majibu.

Nchi za wanawake

Hapa uchaguzi ni rahisi, ingawa kitabu tunachokipendekeza si riwaya. Sultana's Dream ya Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengal ilitoka 1905 katika jarida la Madras, kwa Kiingereza, na inasomeka kwa nusu saa. Katika Ladyland wanaume ndio waliotawishwa ndani, wanawake wanaendesha nchi. Chuo kikuu kimoja kinavuna maji mawinguni kwa puto lenye mabomba, kingine kinahifadhi joto la jua, na joto hilo ndilo lililowatimua maadui vitani. Kazi ni saa mbili kwa siku. Msomaji wa Lamu au Unguja anayejua utawa ni nini hahitaji tanbihi hata moja. Kichekesho kinamfikia moja kwa moja. Siri zote ziko mezani tangu mwanzo, kila chombo kinaelezwa kinavyofanya kazi.

Mizora ya Mary E. Bradley Lane ilitoka gazetini Cincinnati 1880 na 1881. Binti wa kikabaila wa Kirusi anatoroka Siberia na kuingia ndani ya dunia kupitia ncha ya kaskazini. Kuna nyama iliyotengenezwa kwa kemia na chombo cha kuonana na mtu aliye mbali, mambo ya kustaajabisha kwa 1880. Kuna pia hili: wakazi wote wana nywele za dhahabu kwa sababu watu weusi waliondolewa, na mwenyeji analisema kama anayetaja kung'oa magugu. Mwandishi halishtukii. Kwa anayetafiti historia ya fikra hizo ni ushahidi muhimu. Kwa anayetafuta kitabu cha kufurahia jioni, hapana.

Herland ya Charlotte Perkins Gilman, sura 12 katika jarida lake mwenyewe mwaka 1915, ina kicheko zaidi: wanaume watatu wa Kimarekani wanaingia nchi isiyo na wanaume kwa miaka 2,000 na kila dhana yao inavunjwa kwa maswali ya upole. Nayo ina doa la usafi wa kizazi, yaani fikra ya kuchagua nani azae na nani asizae, ila halikai mbele. Haikutoka kama kitabu mpaka 1979.

The Blazing World ya Margaret Cavendish, ile ya 1666 inayowakwamisha watu, haina sura hata moja ya kukupumzisha. Bibi aliyetekwa anavuka ncha ya kaskazini hadi dunia nyingine, anakuwa malkia wa watu-dubu na watu-ndege, na anawahoji kuhusu darubini na hadubini kurasa kwa kurasa. Ni dhihaka kwa wanasayansi wa London wa siku zile, na bila kujua walichokuwa wakibishania inachosha. Aliyekipenda Kusadikika kwa ile nchi yake ya angani na mijadala yake atavumilia. Wengine wakiache kiwe cha mwisho.

Faili na nakala

Waandishi wote hawa walifariki kabla ya 1936, na matini nyingi zinapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Kwa simu chukua faili la kitabu la aina ya EPUB, lisilo na picha. Ni jepesi na herufi zinakuzwa. Epuka PDF za vitabu vya zamani vilivyopigwa picha, hasa vya miaka ya 1790: s ya katikati ya neno ilichapwa kwa umbo linalofanana na f, na programu za kusoma herufi huibadilisha kuwa f kabisa, ukabaki na kurasa za maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Kwa nakala za karatasi zinazochapwa kwa oda, hesabu juzuu kabla ya kulipa. Udolpho lazima iwe na nne, The Last Man na The Mummy! tatu kila moja. Wauzaji wengine huuza juzuu ya kwanza peke yake kwa jina la kitabu kizima, na kwa Udolpho maana yake ni kulipia kitabu ambacho ngome haimo.